Mwanangu, usiseme tena "ndivyo nilivyo"

Mwanangu mpendwa,

Simu yako ya jana usiku imeninyima usingizi. Si kwa sababu ya maumivu uliyonieleza, maana hayo nayajua tangu mwaka jana. Ni lile neno ulilomalizia nalo. Ulisema vipimo vimerudi safi kwa mara ya tatu, daktari amekuambia huna kitu, kisha ukasema kwa sauti ya chini, "Labda ndivyo nilivyo, mama." Ukakata simu, nami nikabaki nimeishika. Neno hilo nalijua lilikotoka, na nitakueleza. Kwanza nataka nikusimulie habari za tumbo langu, ambazo mlipokuwa wadogo niliwaficha.

Niliumwa karibu miaka mitatu. Chembe cha moyo kilikuwa kikiwaka moto, hasa usiku wa manane tumbo likiwa tupu. Mchana tumbo lilijaa gesi hadi nguo zikanibana, likaunguruma mpaka nikaona haya kukaa karibu na watu. Kila niliyemweleza alikuwa na jibu tayari: vidonda vya tumbo. Hakuna aliyenipima. Nilinunua vidonge vya kupunguza asidi. Nikimeza napata nafuu, nikiacha moto unarudi, nanunua tena. Miaka miwili ikapita hivyo. Nafuu ile ndiyo iliyonichelewesha, kwa sababu nilipoipata niliacha kuuliza.

Hatimaye nilikwenda kupimwa bakteria wa tumbo, wale wanaoitwa Helicobacter pylori. Kipimo cha choo kikasema sina. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nishike lipi. Baada ya miezi kadhaa daktari mwingine aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Siku uliyopeleka choo maabara, ulikuwa unameza dawa gani?" Nikamtajia omeprazoli, vile vidonge vyangu vya kupunguza asidi. Akanieleza kuwa dawa za aina hiyo huwapunguza bakteria hao kiasi kwamba kipimo kinaweza kusema hawapo na kumbe wapo. Anayekwenda kupimwa anatakiwa awe ameziacha kwa wiki 2, na antibayotiki kwa wiki 4. Niliziacha, nikavumilia wiki 2 za moto, nikapima tena. Walikuwepo.

Bakteria hao wenyewe walikataliwa kwanza na watu wenye elimu kubwa. Iliaminika kwamba vidonda vya tumbo huletwa na asidi na mawazo mengi, na kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kukaa katika asidi ya tumbo. Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, waliposema wamewaona, wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akawanywa mwenyewe. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na kamera ilipoingizwa ikaonekana ukuta wa tumbo lake umeshambuliwa. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo, ni wagonjwa wangapi walirudishwa nyumbani wakiambiwa wapunguze mawazo? Kila nikiwafikiria moyo unaniuma.

Nilipewa antibayotiki za aina mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 14. Zilinichosha, mdomo ukawa mchungu, lakini nilizimaliza zote. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye nikapima tena kuhakikisha wamekwisha, na safari hii majibu safi yalikuwa safi kweli. Moto ukazimika. Gesi ikabaki.

Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa, mwanangu. Nilikuwa nimetafuta chanzo kimoja kwa miaka yote hiyo, nimekipata, nimekitibu, na bado naumwa. Haikunijia akilini kwamba tumbo moja linaweza kubeba mambo mawili. Yule daktari akaniambia ninunue daftari, kwa mwezi mzima niandike kila ninachokula na kila ninachokisikia tumboni, na saa yake. Wiki ya tatu niliona mwenyewe bila kuambiwa na mtu: kila nilipokunywa maziwa, saa mbili tatu baadaye tumbo lilijaa. Nikayaacha wiki mbili, likatulia. Nikayarudia, likajaa. Watu wazima wengi, takribani thuluthi mbili ya watu duniani, hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa baada ya utoto. Si ugonjwa wa kutisha, lakini ulinitesa kwa sababu haukuwa na jina.

Sasa nirudi kwako. Unapoambiwa "huna kitu", elewa maana yake: hakuna kitu katika vile vilivyoangaliwa. Kipimo hujibu swali kilichoulizwa, basi. Vijidudu vya giardia, kwa mfano, havitoki kwenye choo kila siku, kwa hiyo sampuli moja inaweza kuvikosa. Hutakiwa hata tatu, za siku tofauti. Anayedhaniwa kudhurika na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, akiacha kula ngano kabla ya kipimo cha damu, kipimo kinaweza kutoka safi, kwa maana mwili umekwisha tulia. Wengi huacha wakidhani wanajisaidia. Kwa hiyo nakuomba usikate chakula chochote kwanza kwa kubahatisha.

Nataka nawe uanze daftari. Andika maumivu yanaanzia wapi: chembe cha moyo, kitovu, chini kushoto, chini kulia, au juu kulia chini ya mbavu, yale ambayo mara nyingine hupanda hadi begani baada ya mlo wa mafuta na huweza kuwa mawe ya kifuko cha nyongo. Andika kama yanakuamsha usingizini. Andika choo, na usione haya. Madaktari wana mchoro maalumu wa choo wenye aina 7, kuanzia vigololi vigumu hadi maji matupu, na ukitaja namba tu umewaondolea kazi kubwa. Mimi mwaka mzima nilikuwa nikisema "choo ni cha kawaida" kwa sababu ya aibu, na haikuwa kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Andika pia kila kidonge, hata kile unachokiona kidogo. Najua unameza diklofenaki au ibuprofeni kila mwezi, na nadhani ni vingi kuliko unavyoniambia. Dawa hizo hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hiyohiyo ndiyo inayolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Anayezimeza mara kwa mara anaweza kupata vidonda bila kuwa na bakteria yeyote. Mwambie daktari idadi halisi, ukiulizwa na usipoulizwa.

Halafu weka alama siku za hedhi. Hapa ndipo penye neno lile.

Ulikuwa na miaka 15. Ulijikunja kitandani na magoti kifuani, unatapika, unaharisha, nami nikakufunika shuka nikakuambia, "Vumilia, ndivyo wanawake tulivyo." Nilikuambia mwezi ule na miezi iliyofuata, mpaka ukaacha kuniambia. Nilidhani nakupa nguvu. Jana uliponirudishia neno langu, nilitamani ningeweza kuurudisha muda nyuma nikalifute mdomoni mwangu. Nisamehe, mwanangu.

Kuna ugonjwa unaoitwa endometriosi. Tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, na mara nyingine hushika hata kwenye utumbo. Takribani mwanamke 1 katika 10 walio katika umri wa kuzaa anao. Huweza kuleta gesi, kuharisha, kufunga choo na maumivu wakati wa kwenda haja, na kwa sababu dalili ziko tumboni, mgonjwa hutibiwa tumbo miaka na miaka. Ultrasaundi ya kawaida inaweza isiuone, kwa hiyo picha yako iliyotoka safi haijaufuta. Sisemi ndio ulio nao. Mimi si daktari, na kukupachika jina bila kipimo ni kurudia walichonifanyia mimi. Nasema daktari aulizwe habari zake. Daftari likionyesha kwamba tumbo lako linafuata kalenda, mwombe daktari akupeleke kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake. Na kama maumivu ya hedhi ndiyo yanayokufanya umeze vidonge, na vidonge ndivyo vinavyochoma tumbo, basi nawe huenda una mawili, moja likilisha jingine.

Inawezekana pia mwishoni ukaambiwa ni utumbo wenye hisia kali, unaouma angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu na kubadilisha choo bila kidonda wala uvimbe kuonekana. Huo ni ugonjwa wenye vigezo vyake na tiba zake. Si jina jingine la "huna kitu". Kabla hujaupokea, uliza kama umepimwa damu ya gluteni na kile kipimo cha choo kinachoonyesha kama ukuta wa utumbo umevimba. Na mtu akigusia msongo wa mawazo, usikasirike kama nilivyokasirika mimi. Utumbo una neva zake, mamilioni kwa mamilioni, na huzungumza na ubongo mchana na usiku. Mwaka 1822 mtu mmoja huko Marekani, Alexis St. Martin, alipigwa risasi, jeraha likapona na kuacha tundu la kuingia tumboni. Daktari William Beaumont alichungulia humo kwa miaka, akaona kwamba hasira ilivuruga umeng'enyaji wa chakula. Kwa hiyo mawazo yana sehemu yake. Ila yasiwe jibu la kwanza la mtu ambaye hajakuangalia vizuri.

Jambo moja halingoji daftari. Ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kinachonata kama lami, ukitapika damu, ukipungua uzito bila kutaka, chakula kikikwama kooni, homa ikiandamana na maumivu, au maumivu yaliyoanza kitovuni yakihamia chini kulia na kuzidi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Nipigie ukiwa njiani, si kabla.

Ukipata tarehe ya kuonana na daktari niambie, nije tuingie wote. Nitakaa kimya, labda ukisahau jambo. Ninalotaka kusema mbele yake ni moja tu: kwamba haya yalianza ukiwa na miaka 15 na si mwaka jana, na kwamba aliyekuzuia kusema ni mimi.

Anza leo usiku, hata kwa mstari mmoja.

Mama yako