Taulo bichi si dawa ya joto la Tanga

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya mbinu za kukabiliana na joto, yenye picha ya taulo bichi limetundikwa mbele ya feni, imesomwa sana huku Tanga, na hilo ndilo linaloniudhi. Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia. Hata mlipoifanya Pangani kisiwa nilinyamaza. Hili silinyamazii, maana watu wanalifuata.

Mwandishi wenu kachukua ushauri wa Arizona, Marekani, na Ufaransa, kautua hapa Ngamiani kama ulivyo: funga madirisha mchana kutwa, shusha mapazia, tundika taulo bichi. Phoenix ya Arizona iko jangwani. Mwaka 2023 walipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 na zaidi, lakini hewa yao ni kavu. Taulo likilowekwa hukauka upesi, na maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la chumba. Hewa ya Tanga wakati wa kaskazi imeshashiba maji. Nyuzi zetu ni 32 au 33, hazitishi zikiandikwa gazetini, ila jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Taulo bichi ndani ya chumba kilichofungwa linaongeza mvuke ule ule unaotutesa. Hapa mtaani kuna bibi aliyeyafuata maagizo yenu neno kwa neno. Wiki haijaisha godoro linanuka uvundo, nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu, mjukuu anakohoa usiku kucha. Akiulizwa anasema gazeti limeandika.

Kufunga madirisha ni ushauri wa nyumba yenye ukuta mnene. Zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, hapa mjini na Bagamoyo, saa nane mchana ndani kuna ubaridi kuliko nje, kwa hiyo ukifunga kuanzia saa nne mpaka saa kumi unapata faida. Lakini nyumba ya tofali za saruji za inchi tano, bati juu, dari hakuna? Saa hiyo ndani kumeshakuwa moto kupita nje. Ukifunga, joto la bati linabaki na wewe. Hiyo inafunguliwa pande mbili zinazotazamana, upepo uingie huku utokee kule, na pazia zito liondolewe.

Jambo la maana kutoka Ufaransa mwandishi wenu kaliruka. Joto la Agosti 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini humo, wengi wao wazee, na waliokuwa wakilala moja kwa moja chini ya paa walikuwa hatarini zaidi. Paa, Mhariri! Hapo ndipo makala ingeanzia. Joto lingi la nyumba zetu linashuka kutoka juu, na siku hizi tumezidi kulikaribisha kwa bati za msauzi za rangi ya damu ya mzee na kijivu cha mkaa, kwa sababu zinapendeza zikionekana barabarani. Ahmedabad, huko Gujarat walikotoka wazee wa majirani zetu wengi wa Kihindi, baada ya joto kuua watu mwaka 2010 mji ulitoa mpango wake wa kujikinga na joto mwaka 2013, na baadaye mapaa ya maskini yakapakwa rangi nyeupe. Kazi hiyo fundi yeyote wa hapa anaiweza. Bati kuukuu lisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe na likauke kabisa. Penye kutu ipigwe praima, kisha rangi nyeupe ya kupaka bati, mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili. Bati jipya linalong'aa msilipake moja kwa moja, rangi itabanduka vipande. Liachwe lichuje miezi kadhaa au lioshwe kwa siki na kusuuzwa. Na asije mtu akawadanganya mpake chokaa juu ya bati: masika itaishusha yote, na chokaa inakula zinki. Chokaa ni ya ukutani. Ilowekwe usiku kucha, ichujwe, iwe nyepesi kama maziwa, ukuta ulowanishwe kwanza, ipakwe mara tatu nyembamba badala ya moja nzito inayopukutika. Kama hela haitoshi nyumba nzima, anzeni ukuta wa magharibi, ndio unaopigwa na jua la alasiri na kuwarudishia joto mkilala. Chini ya bati iwekwe dari, na pembe mbili za kenchi ziachwe matundu yenye wavu wa chuma ili joto lililonaswa juu ya dari litoke. Mafundi wanayaziba kwa plasta eti popo wataingia. Popo hazuiliwi kwa kumpika mwenye nyumba.

Nimetaja wavu, basi niseme na hili la madirisha. Nani aliyetuambia dirisha la aluminiamu la kuteleza ni maendeleo? Dirisha la futi tano kwa nne lina futi za mraba 20. Likiteleza, kioo kimoja kinajificha nyuma ya chenzake na mnabaki na futi 10. Juu yake kuna wavu wa mbu uliojaa vumbi tangu siku ulipofungwa, hata njiti ya kiberiti ikiwashwa mbele yake haitikisiki. Dirisha la mbao la babu zetu lilifunguka lote, na lile la vioo vya kupishana lilifunguka karibu lote. Tumeyang'oa yote mawili, tukalipia vioo visivyofunguka, sasa tunauliza feni za bei gani zinapatikana wapi. Wavu uoshwe kwa brashi laini na sabuni kila mwezi. Feni ya chini usiku iwekwe dirishani, mgongo nje, ivute hewa iliyopoa. Pangaboi likizunguka kivivu msilitupe, mara nyingi ni kapasita imechoka. Ni kifaa kidogo cha umeme kinachosaidia mota izunguke, bei yake ndogo. Soma namba kwenye ile ya zamani, nyingi ni maikrofaradi 2.5.

Na wanafunzi wa pwani wanaovalishwa sweta mwezi wa pili! Sweta ni la Lushoto, kule milimani kwenye baridi.

Makala yenu ilisema "kunywa maji mengi" ikaishia hapo. Mvunja kokoto au mkata mkonge anayetoka jasho toka alfajiri anapoteza na chumvi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, inadhuru. Mtu akianza kuropoka au akianguka, mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto: kivulini, nguo zipunguzwe, amwagiwe maji mengi mwilini, apepewe, barafu kwapani, na hospitali haraka. Vidonge vya homa havisaidii, na aliyezimia asinyweshwe kitu.

Napendekeza mwandishi wenu apangishiwe chumba cha bati bila dari Mikanjuni, Februari, saa saba mpaka saa kumi, madirisha yamefungwa kama alivyoagiza, halafu aandike upya. Na wanaogonga mihuri ya vibali vya ujenzi wasipitishe mchoro ambao dirisha la chumba cha kulala halifunguki lote, au ambao kenchi haina tundu la futi moja kwa futi moja na nusu kila upande. Kama ni lazima upite, basi kibali kitoke kimebandikwa namba ya simu ya fundi wa viyoyozi.

Fundi ujenzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga