Yaani nilipe hela yote hiyo kwa boliti moja?

Wiki hii tena kuna mteja katoka hapa gereji kanuna. Kwadi yake (pikipiki ya matairi manne) ilikuwa haiwaki kwa stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini, akaileta juu ya pikapu, tukakaa nayo kama saa moja na nusu hivi, na mwishowe kilichofanyika ni kufungua boliti moja ya ethi (inayoshika waya wa hasi ya betri kwenye chasisi), kukwangua rangi na kutu, kurudisha na kukaza. Alipoambiwa hela akatoa macho, "yaani nilipe hela yote hiyo kwa boliti moja?" Hii kauli tumeisikia mara nyingi mno, kwaiyo leo naiandikia kabisa, maana nikianza kuielezea pale mtu kashashika pochi huwa naonekana najitetea. Na kweli najitetea.

Sasa huyo jamaa kabla hajafika kwetu alikuwa kashanunua betri mpya. Kaifunga, kwadi ikawaka siku mbili, ya tatu akibonyeza inasema tiki halafu kimya. Akaenda kugombana na muuza betri, akabadilishiwa nyingine, akaja akaifunga, tiki. Basi mtu akamwambia hiyo ni stata imekufa, akanunua stata nzima mpya. Tiki. Alikuja na zile za zamani kwenye mfuko, nikazipima kwa udadisi tu, betri ya kwanza nzima, stata ya kwanza nzima, kaboni zake (vile vijiti vinavyosugua ndani) bado ndefu kabisa. Hela aliyotumia kwenye vile vitu viwili ni mara kadhaa ya ile tuliyomtoza sisi, lakini ile haikumuuma kwa sababu alitoka na kitu mkononi. Sisi tumempa boliti yake mwenyewe.

Alichokuwa anakishikilia ni kwamba waya haziwezi kuwa mbovu kwa sababu taa zinawaka kali. Hapo ndo watu wengi wanapotea, ngoja nikae kidogo. Taa ya mbele, tuseme ya wati 35, inakula ampea kama 3 hivi. Stata ikianza kuzungusha injini iliyolala inaweza kuvuta ampea 100 na ushee, inategemea ukubwa wa injini. Sasa chukua ethi yenye kutu kama mlango mwembamba, mtu mmoja anapita hata hajui kama mlango ni mwembamba, leta msafara wa harusi uone. Kutu inayoleta ukinzani wa omu 0.03 tu, kwa taa inakula volti 0.09, macho yako hayaoni chochote, kwa stata inayovuta ampea 100 hiyohiyo kutu inameza volti 3. Volti 3 zinaishia kwenye boliti, haziifikii stata. Ndo maana taa inawaka na stata inagoma, na wala haigombani na akili.

Na huwezi kuiona kwa macho, ile boliti yake kwa nje ilikuwa inang'aa, uozo ulikuwa chini ya kichwa cha waya pale inapogusa chasisi, kuna mtu alishawahi kupaka rangi chasisi akafunga waya juu ya rangi. Tunachofanya ni kuweka mguu mmoja wa multimita (kipimo cha umeme) kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini penyewe, halafu mwenzangu anabonyeza stata. Ikiwa njia ni nzima mita inasoma karibu na sifuri, ikipita nusu volti tunaanza kufungua. Yake ilisoma 3.4. Nikamwita aje aone, akaangalia, akasema sawa, halafu kwenye malipo akasahau.

Betri nayo ina unafiki wake. Ikiwa imejaa na imepumzika masaa kadhaa inasoma 12.6 mpaka 12.8, ikisoma 12.0 hiyo ni kama tupu. Lakini kusoma 12.7 haimaanishi kitu mpaka uibebeshe mzigo, nimeshaona betri ina 12.7 ukibonyeza stata inaporomoka mpaka 6, ukiachia inapanda tena kama haijafanya kitu. Sisi tukiona inashuka chini ya 9.6 hivi wakati stata inavuta tunaichaji kwanza taratibu, betri ya ampea-saa 12 tunaipa ampea 1.2 usiku mzima, ndo tunarudia. Mtu anayekuambia betri imekufa bila kuichaji anakuuzia betri tu.

Halafu kuna sauti. Ukitupigia simu cha kwanza tutauliza inaliaje, usituambie "haiwaki" tu. Tiki moja nzito halafu kimya, hapo rilei ya stata (swichi inayopitisha umeme mkubwa kwenda stata) inavuta ila umeme mkubwa haupiti, inaweza kuwa ethi, waya mnene, rilei yenyewe ndani imeungua, au stata. Tiki-tiki-tiki mfululizo mara nyingi betri imelegea au kichwa chake hakijakazwa. Stata inavuma yenyewe kama feni lakini injini haizunguki, acha betri kabisa, hiyo ni klachi ya stata inateleza. Na kimya kabisa, hata tiki hamna, hapo nenda kwenye vitu vidogo kwanza, fyuzi kubwa, ile swichi nyekundu ya kuzima pale kwenye usukani, nyutro, na breki.

Breki ee. Kwadi nyingi hazitaki kuwaka ikiwa ndani ya gia mpaka ushike breki, na kuna swichi ndogo kwenye mkono wa breki inayotoa hiyo ruhusa. Mama mmoja alikuja na kwadi ya shamba, kimya kabisa, kashabadilisha betri na rilei. Nikamuuliza taa ya breki inawaka? Akasema ilikufa zamani ila haimsumbui. Swichi ilikuwa imejaa tope, tulipoisafisha taa ikawaka na stata ikaitika. Huyu hakununa, alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa mchezo ambao unatuletea kazi nyingi kuliko kutu. Ile ya kushika spana au bisibisi na kugusanisha zile nati mbili za rilei. Inafanya kazi, sikatai, hata sisi tunaitumia kupima, ila kwadi ikiwa nyutro, imeinuliwa matairi hayagusi chini. Ukifanya vile unaruka ruhusa zote, breki, nyutro, kila kitu. Kuna kijana alifanya hivo ikiwa ndani ya gia na swichi iko on, kachuchumaa pembeni, kwadi ikawaka ikaondoka peke yake ikaenda kukumbatia ukuta. Tulibadilisha mkono wa mbele na fimbo ya usukani, na tatizo lake la mwanzo lilikuwa rilei, kitu kidogo kabisa. Mguu wake ulipona kwa bahati. Zile cheche nazo zinakula nati mpaka zinaisha, na betri inapochajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, sasa wewe unapiga cheche pembeni yake.

Kubusti kwa gari pia, yaani kuazima umeme wa betri ya gari. Gari izimwe, watengenezaji wengi wanaonya usibusti kwadi kwa gari inayonguruma, na wewe fuata tu. Chanya kwa chanya, hasi ya mwisho igusishe kwenye chuma cha injini mbali na betri. Tulipokea kwadi iliyobustiwa jioni giza limeingia, waya zikafungwa kinyume, regyuleta (inayodhibiti chaji ya betri) ikaungua palepale na fyuzi haikuiokoa. Mwenyewe akasema ilianza tu kutoa harufu. Kusukuma usijisumbue, hizi za gia ya mkanda klachi yake haishiki mpaka injini iwe inazunguka, mtasukuma mpaka jasho liishe.

La maji nalipita haraka ila ni zito. Ikizimika ndani ya mto halafu stata inazungusha kidogo na kugonga kama imekutana na jiwe, acha kidole. Maji yako juu ya pistoni na maji hayabanwi, ukiendelea unapinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Ivute, itolewe plagi kwanza.

Kwaiyo hela ya kupima ni ya hivi vyote, maana mwanzo tunakuwa hatujui ni kipi. Siku nyingine tunapata kwa dakika 10, siku nyingine panya kakata waya mmoja ndani ya bomba la waya tunautafuta nusu siku, na bei ya kupima ni ileile, siku ya panya mbona hakuna anayesema tumejipunja? Tunakuandikia volti tulizosoma kabla na baada, karatasi unaondoka nayo, na ukitufanya tutengeneze palepale hela ya kupima inaingia humohumo kwenye bili.

Ukiileta, njoo na ufunguo (tunashangaa wengi wanausahau) na usiichaji betri usiku wa kuamkia, maana ikija imeshiba tatizo linajificha na unarudi nalo nyumbani. Na kama ulishaigusisha spana tuambie tu mapema, zile nati huwa tunaziona.