Mwanangu, kabla hujashuka na lile lori

Assalaam aleikum mamangu,

Video nimeiona. Nimeirudia mpaka mamako kanipokonya simu asema ntamaliza bando. Vile injini ilivyokohoa, ikatoa ule moshi, ikazima, mkairudia tena, halafu ikakamata silinda zote sita ikatulia yanguruma, wallahi nilisimama bila kushika kiti na goti langu wajua lilivyo. Nkamwambia mamako sikiza, hiyo ni Bedford, hakuna injini nyengine yalia hivyo. Tangu zile mvua za El Niño za 1997 hakuna mtu aliyeisikia hiyo sauti na wewe ndo umeitoa, si kakako, wala si yule fundi alokula pesa zangu halafu akaniambia injini imeshikana, likatwe liuzwe chuma chakavu.

Sasa mwisho wa video nakusikia wawaambia wenzio "Jumapili alfajiri nashuka nalo nyumbani." Hapo furaha yote ikaniishia. Naandika kwa sababu nikikupigia, nikifika tu kwenye neno breki, wewe wasema mtandao mbaya.

Basi nakuuliza kwa maandishi: breki zikoje?

Umenitumia picha nyingi sana. Nimeona plagi mpya, nimeona betri, nimeona hosi za radieta, nimeona kabureta imefunguliwa imepangwa kwenye gazeti kama samaki. Hakuna hata picha moja ya dramu ya breki imetolewa. Hata moja mama. Nimezirudia zote moja moja nkitafuta.

Kazi ya injini uliifanya vizuri na nataka ujue nimeona. Kutoa plagi, kutia oili kila silinda ukaiacha wiki nzima inywe, halafu ukaizungusha kwa hendeli polepole kwa mkono, yaenda nusu inchi yarudi nusu inchi, hukuilazimisha na stata. Hiyo ni subira. Mimi enzi zangu ningefunga kamba nikaivuta na trekta, na hapo kama kuna valvu imekwama ishapinda. Hata klachi, ile hewa ya chumvi hufanya sahani ishikane kabisa na flaiwili, na wewe ukaitoa bila kuvunja kitu. Sikukufunza hayo. Nafikiria nilikufunza nini hasa, naona nilikupa tochi unimulikie mimi na kakako tukishika spana, na ukiisogeza kidogo nakufokea. Na leo kakako hata kubadilisha tairi lazima aite mtu. Haya.

Lakini injini ikikataa lori lasimama pale pale, utakasirika, utapiga teke tairi, basi. Breki zikikataa uko kwenye mteremko wa Bonje washuka, na mbele yako kuna kontena na nyuma yako kuna kontena.

Ukanitumia ile hadithi ya Waingereza, kwamba serikali yao iliweka magari ya zimamoto ya chesisi hii hii ya Bedford, yale ya kijani, yaloundwa miaka ya hamsini, na wazimamoto walipogoma 1977 yakatolewa yakafanya kazi, wakagoma tena 2002 yakatolewa tena. Ukaniambia baba kama yale yaweza mbona letu lisiweze. Mwanangu, yale yaliwekwa kwenye mabanda, na kulikuwa na watu kazi yao ni kuyawasha na kuyakagua. Letu liliwekwa chini ya mwembe. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kebini. Usilinganishe.

Nkueleze breki za hilo lori, najua wajua lakini ntasema. Ni mafuta yasukuma, na hewa ya tangi yasaidia mguu. Hewa hiyo yatoka kwa kompresa, na kompresa yaendeshwa na injini. Kwa hivyo injini ikizima njiani, na injini ilokuwa imelala hivi itazima, nakwambia, uchafu wa tangi utapanda kwenye kabureta mara ya kwanza tu ukipita shimo, basi hewa ilobaki ni ya kukanyaga mara chache halafu ile pedali yawa jiwe. Wewe na kilo zako hamsini na kitu utakanyaga tani 4 na zaidi za chuma tupu? Hata mimi siku zile na mwili wangu wote niliinuka kwenye kiti nkasimamia pedali kwa miguu miwili.

Na jengine. Mabomba ya breki ya lori hilo ni njia moja. Gari za siku hizi zina njia mbili, moja ikipasuka yabaki nyengine. Hilo, tobo dogo la kutu popote pale, hata kwa tairi la nyuma kabisa ambalo hulioni, na matairi yote manne huna. Na mabomba ya chuma huoza hata kutoka ndani, nje waona yang'aa umeyapaka rangi, ndani yamebaki kama ganda la yai. Toa yote. Usichague. Toa yote uweke ya shaba.

Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na hewa yetu hii ya pwani yenyewe ni maji. Hata kwenye kopo imeandikwa: DOT 3 mpya huchemka ikifika digrii 205, ikishakunywa maji huchemka 140 tu. Hiyo ilomo mle ndani imekunywa maji miaka zaidi ya ishirini. Wakanyaga mteremkoni, dramu zapata moto, mafuta yachemka yawa mvuke, na mvuke husukumi kitu nao, mguu waenda mpaka chini kama wakanyaga mto wa kitanda. Halafu ukisimama kando nusu saa yapoa, pedali yarudi nzuri kabisa, hata fundi akija akuona wewe muongo.

Na tafadhali, tafadhali, usitie humo oili nyengine yoyote. Si ya injini, si ya haidroli, hata kama ni usiku na uko Mariakani na duka zimefungwa na breki fluidi imevuja na una mzigo wa mawe wasubiriwa Mombasa saa kumi na mbili asubuhi. Raba za ndani hazipatani na oili hiyo, hufura, hulegea zikawa kama ubani ulotafunwa. Mtu akiwa na haraka hutia chochote kilicho karibu na kujiambia itanifikisha tu, kesho ntasafisha. Yule mzee akuuziaye makaa hapo njia panda, umemsalimia kwa mkono mara ngapi, hujawahi kumuuliza vile vidole vitatu vilienda wapi. Alikuwa tanboi wangu. Aliruka na jiwe mkononi kwenda kuliweka chini ya tairi na lori bado latembea, kwa sababu mimi nilikuwa nampigia kelele aruke.

Nyumbani tulisema lori limeegeshwa kwa sababu El Niño imekata barabara. Barabara zilitengenezwa mama.

Hajanilaumu hata siku moja, nataka ulijue hilo, na ukimnunulia makaa usipunguze bei.

Basi sasa waelewa kwa nini nauliza dramu.

Kitu nataka ufanye ni hiki. Lori lisishuke Jumapili. Toa dramu zote nne, na kama zimeng'ang'ania usipige nyundo juu ya ukingo zitapasuka, legeza ajasta kwanza, halafu pasha moto kidogo kidogo, gonga kwa mbao kando kando. Toa wili silinda zote, zile za kwenye matairi, na masta silinda, ile isukumwayo na pedali. Ukikuta ndani mna vishimo vya kutu usisugue msasa ukajidanganya, tafuta nyengine au peleka zikaingizwe bushi. Raba zote mpya. Usinunue raba kwa kukadiria kwa macho, chukua ile kuukuu mkononi uende nayo. Zile lainingi zilizomo, kama zimelowa mafuta ni za kutupa, kuchoma na petroli haisaidii, yatokea tena zikipata moto. Fungua bomba la chini la tangi la hewa utoe maji, naamini mna maji ya kutosha kunywesha mbuzi. Halafu jaribu hapo hapo shambani, mahali tambarare, gia ya kwanza, na mtu asiwe mbele wala nyuma. Washa, subiri hewa ijae, kanyaga ushikilie kwa nguvu dakika tano mtu akiangalia kila tairi kwa ndani. Zima injini, kanyaga tena uhesabu ni mara ngapi kabla pedali haijawa ngumu. Uniambie hiyo namba. Nataka namba, si "ziko sawa baba."

Na hata zikiwa sawa, kushuka kutoka Mazeras nenda na gia ile ile ambayo ungepandia. Usitoe gia ukaliachia lijiteremkie ati waokoa mafuta. Hendi breki usiihesabu kabisa.

Ama bora ukodi bridauni ama lobedi, lile trela la chini, lilibebe tumalize. Najua utasema ni pesa na wataka liingie mtaani kwa miguu yake, majirani watoke waone. Mimi pia nataka. Mimi nataka kukushinda wewe. Lakini ile barabara kutoka Mazeras mpaka Miritini na ujenzi ule wa kuipanua, leo njia iko huku kesho imehamishwa kule, matrela hayakupi nafasi, si mahali pa kwenda kujaribia breki. Nna elfu kidogo za chama ntakutumia kwa M-Pesa, usiniambie hapana.

Nimeona kitu chengine kwenye video, dakika ya pili hivi. Jerikeni la petroli limefungwa kwa kamba juu ya boneti, na mpira washuka kwenye kabureta, na yule kijana wa shati jekundu ana sigara. Najua tangi limeoza na petroli ya zamani imekuwa kama vanishi, na kuwashia kwa jerikeni ni sawa, kila mtu hufanya. Lakini si kwa sigara, na si mpira ule wa maji ya bustani, petroli huula. Mwambie huyo kijana simjui ila simpendi. Na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Matairi pia. Yale yamepasuka ubavuni, hata yakishika upepo yasikuhadae. Ukienda kutoa rimu, zile za vipande viwili, nati zilizopakwa nyekundu hazifunguliwi tairi likiwa na upepo, hizo ndo zashika vipande viwili pamoja, ukifungua kile kipande kitaruka. Kabla ya spana yoyote toa vali kabisa, pitisha waya uhakikishe hakuna upepo. Wale vijana wa pancha hawajawahi kuona rimu kama hizo, simama nao mwenyewe.

Ami yako kapiga simu jana. Amesikia lori limewaka, sasa ghafla ni lori la familia. Miaka yote hiyo hakuna alouliza hata kulifunika turubai. Logibuku bado ina jina la babu yako na iko kwenye lile sanduku la mamako chini ya nguo za Idi, siitoi mpaka uje mwenyewe tukae tuzungumze, na mimi ntasema mbele yao kuwa alolifufua ni wewe. Wakitaka kununa wanune.

Hapa nyumbani maji hatujapata siku ya nne, twanunua kwa mkokoteni, mamako alalamika mgongo lakini ukimwambia aende hospitali asema mgongo ni wa kubeba maji, ya bomba yakija utapona. Ile feni ya chumbani yapiga kelele tena. Paka amezaa kwenye kapu lako la vitabu, watatu, sikuwatoa. Taa ya ngazini imeungua na mimi kupanda kiti siwezi tena, kakako asema atakuja wikendi, ni wikendi ya pili hii.

Mamako ameanza kupanga kupika pilau ya Jumapili kwa sababu alikusikia na yeye. Nimemwambia ahairishe, asema kwa nini, nimemwambia lori halijawa tayari, akaniangalia. Siku ile ya mawe yeye ndo alonifua zile nguo. Hakusema kitu, alirudisha mchele kwenye debe.

Asubuhi ntampa kondakta wa matatu ya Mazeras kifurushi, shuka stejini saa nne ukichukue. Mna zile kabari mbili za mbao nilizochonga wiki hii, ni mbao ngumu, nimezipimia kwa tairi la trela la jirani. Weka moja mbele moja nyuma kila ukisimama, hata kama injini imezimwa na gia iko ndani, hata kama ni pale pale chini ya mwembe. Na uziweke lori likiwa limesimama. Ukishafungua dramu ya kwanza nipigie kwa video, nataka kuona raba kwa macho yangu, tena mchana kuna mwanga, na mwambie mtu akushikie simu vizuri asiitingishe.

Ukija, na uje kwa matatu, mamako asema mletee nazi kumi kavu za kukuna, si madafu.

Babako