Kabla ya kuuliza kodi ya mchungaji, andikeni mnachomlipa

Wahazini wa makanisa wanaofika kwenye ofisi yetu ya uhasibu hapa Tanga huwa na swali moja kuliko yote: "Hivi mtumishi wa Mungu naye anakatwa kodi?" Wengine huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba TRA wamekaa meza ya pili.

Jibu ni fupi. Anakatwa. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haimwachi mchungaji, padre wala mwinjilisti kwa sababu ya aina ya kazi yake. Kanisa lenyewe linaweza kuomba litambuliwe na Kamishna wa TRA kuwa taasisi ya hisani, na utambuzi huo hauji tu kwa sababu mmeezeka paa na kuweka madhabahu. Hata mkiupata, unahusu mapato ya kanisa. Mshahara wa anayesimama mimbarani unabaki kuwa mshahara kama wa mtu mwingine yeyote.

Tukishajibu hilo, na sisi huuliza la kwetu: kwani mnamlipa kiasi gani? Hapo kikao hubadilika. Mhazini anasema laki tatu. Mzee wa kanisa anasema ni laki tatu na nusu, maana yeye anahesabu na mafuta ya pikipiki. Mama mchungaji, kama yupo, anakumbusha kwa upole kwamba mwezi uliopita ilifika laki mbili tu kwa kuwa sadaka ilishuka. Luku wananunua kina mama wa kanisa, mchele unaletwa na jumuiya, nyumba ni ya kanisa. Wote wanasema kweli, ila hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo.

Tumeshika vitabu vya makanisa ya mjini, Makorora na Chumbageni, ya Muheza na ya kule milimani Lushoto, na msimamo wetu ni huu: kodi si shida kubwa ya fedha za watumishi. Shida kubwa ni malipo yasiyoandikwa. Yasipoandikwa, kodi haihesabiki, mchango wa NSSF wa uzeeni hauendi, benki na SACCOS hawamkopeshi kwa kuwa hana slipu ya mshahara, na siku akihamishwa au akistaafu hana cha kuonyesha.

Tuanze na kodi, maana ndiyo inayotisha bila sababu. PAYE, yaani kodi ya mshahara, hukatwa kwa mwezi, baada ya kutoa mchango wa mfanyakazi wa NSSF. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Kati ya 520,000 na 760,000 ni shilingi 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi milioni moja ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, na juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi hapo. Kwa hiyo mwinjilisti wa mtaa anayepata 250,000 hadaiwi PAYE hata senti. Makanisa mengi ya vijijini yanakwepa kuandika mishahara kwa kuogopa kodi ambayo haipo.

Sasa tuchukue mchungaji wa usharika mwenye mshahara wa 600,000. NSSF yake ni 60,000, inabaki 540,000, PAYE ni 24,000. Basi. Mambo huanza kunoga mkiingiza nyumba.

Mkimpa fedha ya pango mkononi, tuseme 120,000 kwa mwezi, hiyo ni sehemu ya mapato ya ajira na inatozwa yote. Tukiacha NSSF ilivyo kwa urahisi wa hesabu, kiasi cha kutozwa kinakuwa 660,000 na PAYE inapanda hadi 48,000. Lakini mkimweka kwenye nyumba ya kanisa, sheria ina hesabu yake. Inalinganisha pango la soko la nyumba ile na asilimia 15 ya mapato yake, kisha inachukua kilicho kidogo (kwa mwajiri anayedai gharama za nyumba kwenye hesabu zake za kodi kuna mlinganisho wa ziada, ila makanisa mengi hayadai). Nyumba ile ile ya 120,000 pale Pongwe, kwa mshahara wa 600,000, itahesabiwa 90,000, na PAYE itakuwa 42,000. Kama nyumba iko kijijini ambako ingepangishwa kwa 40,000, mnaweka 40,000.

Kuna wachungaji wanaotuletea walichosoma mtandaoni kwamba posho ya nyumba ya mchungaji haina kodi. Ni kweli, Marekani. Kule kifungu cha 107 cha sheria yao ya kodi kinaiondoa posho ya nyumba ya watumishi wa dini kwenye kodi ya mapato, ingawa kwa hifadhi ya jamii wanahesabiwa kama watu waliojiajiri na kulipa asilimia 15.3, na posho ya nyumba inaingia humo. Hapa kwetu hakuna kitu kama hicho. Wengine wanajilinganisha na mwalimu wa serikali jirani yao. Mtumishi wa serikali ana msamaha wake kwenye posho ya nyumba na usafiri, umeandikwa kwa ajili ya walio kwenye bajeti ya serikali. Kanisa halimo.

Usafiri una mlango halali ambao wengi hawautumii. Mkimpa mchungaji 80,000 kila mwezi "ya mafuta", awe amesafiri au hakusafiri, hiyo ni posho na inatozwa. Akienda kuzika Korogwe, akarudi na risiti ya mafuta, mhazini akamrudishia alichotumia, hayo ni marejesho ya gharama za kazi, hayatozwi. Tofauti yake ni daftari la safari la shilingi mia chache. Na gari la kanisa analoendesha halimwongezei kodi ikiwa kanisa halidai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi.

Halafu kuna bahasha. Hapa tunajua tunagusa penye maumivu. Muumini akileta jogoo au mkungu wa ndizi, au akamwekea baba mchungaji noti mkononi baada ya ubatizo, hatuhangaiki nayo, wala hatumshauri mhazini aanze kupima kuku. Ila kama baraza la wazee limepitisha kwamba kila Jumapili ya mwisho sadaka ya pili ni ya mchungaji, ikahesabiwa, ikaandikwa kitabuni, ikatoka kwa mhazini, sisi tunaiandika kwenye mshahara. Kipimo chetu ni kimoja: imepita kwenye kitabu cha mhazini? Kama imepita, ni malipo ya kazi.

Na fungu la kumi ambalo mchungaji mwenyewe anatoa halipunguzi PAYE yake. Atoe kwa imani, kwenye hesabu ya kodi hatuna pa kuliweka.

Padre wa Katoliki anayetunzwa na parokia na kupokea stipendi za misa (sadaka anazopewa kwa kuadhimisha misa) hana mshahara wa namna tunayoieleza hapa, na mambo yake mengi huratibiwa na jimbo. Lakini padre au mtawa aliyeajiriwa kwa mkataba kufundisha shule au kufanya kazi hospitalini ni mfanyakazi wa pale. Mwajiri atakata PAYE kabla fedha haijaenda kwenye shirika lake. Mwangalieni pia mchungaji mwenye ajira mbili. Ajira kuu inatozwa kwa ngazi tulizotaja. Ile ya pili inakatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Wengi hushtuka wakiiona, wakadhani mhasibu amekosea.

Turudi kwenye NSSF, ambako kwa maoni yetu ndiko watumishi wanakoumia kwelikweli. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, zinazobaki anatoa mwajiri. Kupata pensheni ya kila mwezi kunahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kanisa likimwandikisha mchungaji akiwa na miaka 50 na akastaafu na 60, atakuwa na miezi 120. Atapewa mkupuo, na pensheni ya mwezi hataipata. Na kanisa likimwandikisha mapema lakini kwa mshahara wa karatasi wa 200,000 huku kwa hakika anapokea 450,000, uzee wake utahesabiwa kwa zile 200,000. Kikokotoo cha pensheni hakijui habari za mchele wa jumuiya.

Ongezeni nyumba. Mtu ameishi nyumba za kanisa maisha yake yote ya kazi, kahamishwa Pangani, kahamishwa Handeni, kila anapofika anakuta paa. Akistaafu anapaswa kumwachia nyumba mchungaji anayefuata ndani ya muda mfupi, na ndipo anaanza kutafuta kiwanja akiwa na umri wa babu. Tunawaambia vijana wanaotoka chuo cha theolojia: kiwanja kwanza, hata kama ni huko mbali ambako daladala haifiki, na nyaraka ziwe kwa jina lako. Zisiwe kwa jina la kanisa wala la mzee wa kanisa aliyekusaidia kujazia fedha.

Kwa makanisa yanayojitegemea, ambako mwanzilishi ndiye askofu na ndiye mwenye laini, tuna neno moja la mkazo. Sadaka zikitumwa kwenye namba ya simu ya mchungaji, kwa jina lake, mtu yeyote wa nje akiangalia atasema ni mapato yake. Na akifariki, familia na kanisa watagombania salio. Kanisa lililoandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya linaweza kupata TIN, akaunti ya benki na lipa namba kwa jina lake. TIN ni bure, asiwatoze mtu. Ikishapatikana, askofu ajilipe mshahara kutoka akaunti ya kanisa kama mwajiriwa yeyote, kwa kiwango kilichopitishwa na uongozi na kuandikwa kwenye muhtasari.

Mchungaji mwenye mshahara tu halazimiki kupeleka TRA ritani (taarifa ya mapato) yake mwenyewe, kanisa linamaliza kila kitu. Akiwa na mabanda ya kuku, bodaboda mbili za kukodisha au vyumba vya kupangisha Mikanjuni, hayo ni mapato mengine yenye hesabu zao na makadirio yao, ambayo huanza kufanywa kabla ya Machi 31. Aje nayo siku nyingine, hayo hayachanganywi na vitabu vya kanisa.

Kazi yetu kwa kanisa moja huanza na kikao cha mhazini, mchungaji na angalau mzee mmoja wa kanisa. Tunaandika barua ya ajira inayotaja mshahara, nyumba na utaratibu wa safari. Tunaandaa slipu ya kila mwezi, kisha tunapeleka PAYE ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, pamoja na mchango wa NSSF. Kama kuna miezi ya nyuma ambayo haikulipwa, ni bora tuipeleke wenyewe kabla hatujafuatwa, maana riba haisubiri. Njooni na daftari la mhazini, cheti cha usajili, katiba ya kanisa na namba ya NIDA ya mchungaji. Jumatatu asubuhi wahazini huwa wengi na foleni ni ndefu, Jumanne mtapata nafasi ya kukaa na kuzungumza.