Kwa Mwanahawa, kuhusu fizi zako

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Machungwa ya Muheza uliyotuletea hayakumaliza siku mbili.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale ulipoandika kwamba siku hizi ukicheka unaziba mdomo kwa mtandio kwa sababu meno "yamerefuka", nilishindwa kuendelea. Hayajarefuka, mwenzangu. Jino la mtu mzima halikui. Ni fizi iliyorudi nyuma, ikauacha mzizi wazi, na mzizi hauna lile gamba gumu linalofunika jino kwa juu. Ndiyo maana dafu la baridi linakutia ganzi mpaka sikioni.

Nami yalinipata hayo. Nilidhani kinachouma ni uchafu, nikazidi kusugua, mswaki mgumu, siku nyingine chumvi na mkaa, kama wewe unavyofanya sasa. Daktari wa meno akanipa kioo nijionee: upande wa kushoto fizi zimerudi zaidi, kwa kuwa mkono wangu wa kulia hukaza huko. Kisha akatwaa kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akakipenyeza taratibu kati ya fizi na jino huku akitaja namba. Ikiwa 1 hadi 3, ni sawa. Kuanzia 4, fizi imeachana na jino, pameingia mfuko. Magego yangu ya nyuma yalisoma 5. Humo ndimo ukoga ulimoganda ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue vipi. Fizi inavimba, inatoa damu, na taratibu mfupa unaoshika jino unaliwa. Mama yangu meno yake yalilegea moja baada ya jingine, nasi tukasema ni uzee. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilichomwa sindano ya ganzi, wakakwangua ugaga mpaka kwenye mizizi, kwa siku mbili tofauti. Nikuonye mapema: baada ya wiki chache mapengo kati ya meno yalionekana makubwa zaidi, nikalia. Kumbe ni uvimbe uliopungua. Damu ilikoma.

Fizi iliyokwisha kurudi haioti tena yenyewe, kwa hiyo anayekuuzia mafuta ya kuiotesha usimpe hela yako. Upo upasuaji wa kupandikiza, ambapo nyama kidogo hutolewa kwenye kaakaa ikashonwa pale palipo wazi, lakini si kila mtu anauhitaji. Mimi sikuhitaji. Lililo muhimu ni kuizuia isiendelee.

Tangu leo tumia mswaki laini, ushike kama unavyoshika kalamu, uulaze kuelekea kwenye fizi, uzungushe polepole dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, ili dawa ibaki ifanye kazi. Msuwaki wa mti si vibaya, ila utafune kwanza ulainike. Na shemeji apunguze sigara, kama hawezi kuacha kwa mara moja: mvutaji fizi zake huugua bila kutoa damu nyingi, akajiona mzima.

Jambo jingine sipendi kuliandika lakini nitaliandika. Kwenu kuna kisukari. Kisukari hudhoofisha fizi, na fizi zikiugua sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Unasema unaamka usiku kunywa maji. Tutapima siku hiyohiyo.

Njoo Jumatano kwa basi la asubuhi, nitakungoja stendi ya Kange. Daktari nimeshamwambia. Nauli isikuzuie, ninayo. Chumba cha uani nimekitandika, utalala kwetu mpaka wamalize upande wa pili.

Wako,
Saumu