Barua ya wazi kwa Meya wa Croydon: tuambieni hali ya mabomba kabla ya ghorofa

Mheshimiwa Meya,

Pole na majukumu. Mimi ni mkazi wa Croydon, huku kusini mwa London, na nakuandikia kwa Kiswahili ili wenzangu tunaokizungumza mjini hapa nao wasome. Ombi langu ni moja: kabla halmashauri haijapitisha ghorofa jingine, wakazi tuambiwe hali ya mabomba ya maji taka yatakayolihudumia. Usilione dogo. Mji huu umeshalilipia kwa roho za watu.

Karibu na soko la Surrey Street kuna jumba la pampu lenye minara kama ngome. Watu hulipita na mifuko yao ya ndizi na mihogo bila kugeuza shingo. Reli ya kutoka London ilifika Croydon 1839, na watu wakamiminika: parokia iliyokuwa na watu wapatao 20,000 mwaka 1851 ilivuka 130,000 kufikia 1901. Croydon ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuunda bodi ya afya chini ya sheria ya afya ya umma ya 1848. Bodi ile ilijituma, nasema kwa heshima. Mashimo ya vyoo yalifukiwa, nyumba zikaunganishiwa mabomba, na Desemba 1851 Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe akaja kuzindua mitambo ya maji.

Majira ya baridi yaliyofuata, 1852 kuingia 1853, homa ya matumbo ikavamia mji na kuua makumi ya watu. Mabomba yaliyofukiwa yalikuwa membamba, ya udongo wa kuchoma. Mengine yaliziba, mengine yakapasuka. Serikali ikawatuma daktari Neil Arnott na mhandisi Thomas Page wachunguze, na waliyoyaandika yakachapishwa. Hata uchafu uliopita vizuri uliishia mto Wandle, mpaka bodi ikaburutwa mahakamani. Ndipo mwaka 1860 likaanzishwa shamba la Beddington, maji taka yakawa yanamwagwa ardhini ili udongo uyachuje.

Na usiseme hayo ni ya kale. Mwaka 1937 mafundi walishuka katika kisima cha Addington, kilichopeleka maji mjini, huku utiaji wa klorini umesimamishwa, na mmoja wao alikuwa amebeba vimelea vya homa hiyohiyo. Daktari wa afya wa mji hakuwa na habari kwamba kuna kazi inafanyika. Walikufa watu 43. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote: aliyepaswa kujua hakuambiwa, na maji yakaendelea kutoka bombani.

Najua mabomba ni ya kampuni ya maji, si ya halmashauri. Lakini kibali cha ujenzi mnatoa ninyi, na mwenye kutoa kibali ana haki ya kuuliza. Basi ulizeni, kisha mbandike majibu pamoja na maombi ya ujenzi: bomba la mtaa huo lina umri gani, upana gani, limeziba mara ngapi miaka mitano iliyopita, na likifurika mvua ikinyesha sana, uchafu unaelekea wapi. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ambayo bibi wa ghorofa ya chini ataielewa, maana choo chake ndicho kitakachorudisha uchafu kwanza.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha kamati ya mipango.

Wako,
Mkazi wa Croydon