Mikono miwili hailei watoto 11

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno ninalolisikia kila siku tangu mtaa wetu uanze kujaa watu: kwamba sisi tunaolea watoto wa wenzetu mchana tunatoza ada kubwa mno. Mimi ni mmoja wao. Huu ni mwaka wangu wa 12 katika kazi hii, na naifanyia nyumbani kwangu, katika chumba kimoja kipana chenye madirisha mawili. Wazazi wanaosema ada ni kubwa wanasema kweli. Ninachotaka ni tujue inatoka wapi, maana tusipojua tutaishia kuipunguza mahali pabaya.

Chukua mtoto wa miezi mitano. Akiwa kwangu tangu saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, hubadilishwa nepi mara sita hivi. Kila mara ni kama dakika saba: kumvua, kumsafisha, kumvisha, kisha kunawa vizuri kabla sijamgusa mwenzake. Hunywa maziwa mara nne, na kila mara ni nusu saa nzima ukihesabu na kumpigapiga mgongo mpaka acheue. Jumlisha. Mtoto mmoja anachukua karibu saa tatu za siku yangu kwa kula na kusafishwa tu. Wakiwa watatu ni saa nane na dakika chache, na siku yangu ina saa 11. Zinazobaki ndizo za kuwalaza, kuwabembeleza, kuzungumza nao, kuwaonyesha ndege dirishani. Ukiongeza wa nne, siku imekwisha na hakuna aliyesemeshwa neno.

Nilipohudhuria mafunzo ya ulezi tuliambiwa kwamba kule England kanuni inamruhusu mlezi mmoja awe na watoto watatu tu walio chini ya miaka 2. Wenzangu wengi waliguna. Mimi sikushangaa, kwa sababu hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa tazama ugumu ulipo. Mtu mzima mmoja anaishi kwa michango ya familia tatu, na humo humo alipe pango, maji na sabuni. Kila familia inatoa sehemu kubwa ya kipato chake ili na mimi nipate kipato, na bado nabaki na kidogo kuliko wengi wa wazazi hao. Mzazi anaumia, na mlezi anaumia. Kazi nyingine zimepata mashine. Fundi cherehani wa leo anamaliza kwa siku moja kazi ambayo aliyeshona kwa mkono angeifanya kwa siku nyingi. Mtoto bado anabebwa mmoja mmoja, kama alivyobebwa zamani.

Njia rahisi ya kushusha ada ni kujaza watoto. Nataka niseme wazi kwamba nimewahi kuifanya.

Ilikuwa mwaka jana. Mlezi mwenzangu wa jirani aliamka na homa kali, na kabla hakujapambazuka vizuri wazazi wa watoto anaowalea walikuwa wamesimama mlangoni kwangu. Mmoja alikuwa tayari amevaa sare ya kazi. Mwingine alikuwa na siku ya pili tu katika ajira mpya. Sikuweza kuwafungia mlango. Siku hiyo nilikuwa na watoto 11, peke yangu. Adhuhuri nilihesabu vichwa nikapata kumi. Nikahesabu tena. Aliyekosekana alikuwa na miaka miwili na nusu, na lango lilikuwa limeachwa wazi kidogo na mtu aliyekuja kuuliza njia. Niliwakusanya waliobaki, nikampigia kelele jirani aje kusimama mlangoni, nikakimbia. Nilimkuta kwenye nyumba inayojengwa upande wa pili wa barabara, ameketi juu ya lundo la mchanga, anapanga kokoto. Alikuwa amevuka barabara peke yake.

Jioni nilimweleza mama yake kila kitu, bila kuficha. Nilitegemea anigombeze. Aliketi kwenye kizingiti, akamkumbatia mwanawe kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Dada, nikimtoa kwako nitampeleka wapi?"

Swali hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Mzazi asiye na pa kumpeleka mtoto hana uwezo wa kudai usalama wake. Anameza.

Nina daftari la wanaosubiri nafasi. Hadi naandika haya lina majina 26, na manne kati yao ni ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Nyumba zinaota kila mwezi, na wanaohamia ni vijana waliofuata kazi. Nyanya na shangazi wamebaki walikotoka. Wapo watakaosema mama abaki nyumbani na mwanawe. Waje wasome daftari langu. Humo wamo baba wawili wanaolea peke yao, yumo bibi anayelea wajukuu huku akifanya kibarua, na wamo kina mama ambao wakikosa kazi hakuna mwingine wa kulipa pango. Yumo pia binti wa miaka tisa. Yeye haombi nafasi yake, anaulizia ya mdogo wake, kwa sababu siku ambazo mama anaingia kazini mapema yeye haendi shule.

Haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1969, mjini Delhi, mwanamke aitwaye Meera Mahadevan aliona watoto wachanga wamelazwa kwenye vumbi la eneo la ujenzi wakati mama zao wakibeba matofali. Akaanzisha ulezi hapo hapo kwenye ujenzi, chini ya hema. Huduma hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Mobile Creches. Kabla yake, mwaka 1943, huko Portland nchini Marekani, viwanda vya kuunda meli vya Kaiser vilijenga vituo vya watoto kwenye malango ya kuingilia kazini, vikawa wazi saa 24 kwa ajili ya kina mama wa zamu zote. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipokwisha, vituo hivyo vikafungwa. Nilipolisoma hilo lilinisikitisha sana, kwa sababu linaonyesha kuwa uwezo ulikuwapo siku zote. Kilichokwisha ni haja ya wakubwa.

Na jimbo la Quebec, nchini Kanada, mwaka 1997 lilianza kuwatoza wazazi dola 5 tu kwa siku, gharama iliyobaki ikabebwa na serikali. Kina mama wengi waliingia kazini. Lakini nafasi hazikutosha, foleni zikawa ndefu, na watafiti wengine wakaonya kwamba baadhi ya watoto hawakupata malezi ya kiwango kilichotarajiwa. Mimi nalichukua hilo kama onyo. Ada ishuke, ndiyo, lakini ishuke pamoja na walezi kuongezeka na kulipwa vizuri.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wanaopanga makazi yetu mapya ni hiki. Kwenye kila ramani wanachora barabara, maduka, maegesho ya magari. Wachore na chumba cha watoto: ghorofa ya chini, karibu na kituo cha basi, kiwe mali ya jamii na mlezi asilipe pango. Pango pekee likiondoka kwenye hesabu zangu, ada ya kila mzazi wangu itashuka mwezi huo huo, wala sitalazimika kumwongeza mtoto hata mmoja.

La pili ni dogo, na ndilo ninalolitamani kuliko yote. Tupatiwe mlezi wa akiba. Mtu mmoja aliyefunzwa, anayelipwa kwa fedha za umma, wa kuzunguka kwa walezi wa nyumbani sita au saba walio jirani. Mlezi akiugua, anayehamia nyumbani kwake siku hiyo ni yeye, na watoto wanabaki kwenye chumba wanachokijua. Siku asipohitajika, anakaa na kila mmoja wetu saa kadhaa ili tupumue, na watoto wamzoee. Angekuwapo mwaka jana, yule mtoto asingevuka barabara.

Wakaguzi nao nawaheshimu. Wakija kwangu wananiambia niweke mlango wa pili wa dharura na choo cha watoto, na wana haki. Ila karatasi ya makosa pekee haijengi choo. Walezi wengi ninaowajua wanajificha wasiandikishwe kwa kuogopa karatasi hiyo, na mtoto aliye kwa mlezi aliyejificha haonwi na mtu yeyote. Mkaguzi akija na mkopo mdogo mkononi, milango itafunguliwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 18, unazitaka nchi zihakikishe kwamba watoto wa wazazi wanaofanya kazi wananufaika na huduma za malezi wanazostahili. Umeiweka kuwa haki ya mtoto. Naomba viongozi wetu wausome hivyo, wasiichukulie kama hisani kwa kina mama.

Alhamisi ijayo jioni kuna mkutano wa kujadili ramani ya viwanja vipya. Mikutano iliyopita wazazi wenye watoto wadogo hawakuonekana, na sababu kila mtu anaijua. Safari hii nitafika mapema pamoja na walezi wenzangu wanne, tutandike mikeka nyuma ya ukumbi. Njooni na watoto, mtuachie, mkakae mbele msikike. Daftari nitakuwa nalo.

Ni mimi,
Mlezi wa watoto, msomaji wako wa siku nyingi